Mama Risasi na Kasoro ya Thelathini na Moja

Mgeni aliyesikia jina la Mama Risasi kwa mara ya kwanza alidhani ataletewa mwanamke wa shari aliyewahi kushika bunduki. Kumbe risasi yake ilikuwa ya namna nyingine, yale madini laini ya kijivu yanayoyeyushwa na kumiminwa mpaka yawe herufi. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya trei za mbao katika kiwanda cha uchapaji, akiokota herufi moja moja, akizipanga kinyumenyume, na kuzisoma hivyo hivyo bila kusita kama wewe unavyosoma kibao cha duka. Ncha za vidole vyake zilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Mtu akimwambia anawe kabla ya kula, alijibu, "Nimeshanawa. Huu weusi mnaouona umeajiriwa kabla yangu."

Siku kiwanda kilipouza herufi zake zote kwa uzito, kama vyuma chakavu, alisimama getini akaangalia masanduku yakipakiwa kwenye lori. Hakulia. Alimwambia tu dereva kwamba sanduku la tatu lina irabu, asilirushe. Dereva akamtazama, akalirusha.

Haukupita mwezi, shemeji yake akamjia nyumbani. Huyu alikuwa mume wa mdogo wake, mwalimu wa hesabu aliyeacha chaki akaenda kuandika programu za kompyuta, enzi hizo kompyuta ndiyo kwanza zinaanza kuingia maofisini na watu wanazifunika kwa vitambaa kama maiti. Yeye na mwenzake, ambaye kila mtu alimwita Mhandisi, walikuwa wamekodi vyumba viwili juu ya duka la mkata vioo.

"Shemeji, umekuja kula au kusema?" Mama Risasi akamuuliza.

"Vyote viwili. Lakini nianze na kusema, maana ukinikasirikia sitapewa chakula." Akavuta kiti. "Tunatengeneza programu ya kupanga kurasa. Magazeti, vitabu, vipeperushi, vyote mezani, kwenye skrini. Mtu anaandika, anapanga, anachapa. Tumeiita Safu."

"Kwa hiyo nyinyi ndio mlionitoa kazini."

"Wengine, siyo sisi. Sisi tunataka kukurudisha. Shemeji, mimi na Mhandisi tunajua kompyuta, lakini ukurasa hatuujui. Wewe unaujua ukurasa. Kazi yako itakuwa kukaa pale, kuitumia, na kutuambia kila kilichoharibika."

"Kila kilichoharibika?"

"Kila kitu."

Mama Risasi akacheka. Hakuna mtu aliyewahi kumwomba alalamike. Kiwandani walikuwa wakimwomba anyamaze.

Vyumba vyenyewe vilikuwa na joto, na sakafu yake ilitetemeka kila mkata vioo alipoburuta meza yake huko chini. Kompyuta zilikuwa tatu na feni moja, na feni iliangalia kompyuta. Mhandisi alikuwa mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kujibu swali baada ya kumaliza kulifikiria, wakati muulizaji alikuwa ameshatoka chumbani. Mama Risasi alipewa meza karibu na dirisha, akanunua daftari la jalada gumu, akaandika juu yake: Kasoro za Safu. Hadi wiki ya kwanza kuisha alikuwa amefika kasoro ya kumi na mbili.

Toleo la kwanza lilijua ukurasa mmoja tu. Ukiujaza, programu ilikaa kimya na maneno yaliyozidi yakabaki nje mlangoni. Lakini hilo hakulilalamikia sana; mtoto huanza kwa kutambaa. Lililomkera ni jinsi lilivyonyoosha mistari. Ili pambizo la kulia lilingane na la kushoto, Safu ilitawanya nafasi kati ya maneno bila huruma, mstari ukawa na mapengo kama kinywa cha mtoto anayebadili meno. Na pale neno lilipokosa nafasi, ililikata popote mstari ulipoishia. Alikuta "mwanaf-unzi". Alikuta "ny-umba". Alikuta "ng-'ombe", akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena.

"Mhandisi, baba, njoo uone ulichomfanya huyu ng'ombe."

Mhandisi akaja, akainama, akaangalia. "Mstari umejaa pale."

"Najua umejaa. Neno halikatwi kwa sababu mstari umejaa. Linakatwa panapokatika. Maneno yetu karibu yote yanakatika baada ya irabu. Mwa-na-fu-nzi. Nyu-mba. Ukishaona a, e, i, o au u, hapo una ruhusa."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, na yale machache yaliyokuja na tabia zao, kama daktari na maktaba. Hayo nitakuandikia orodha. Na usiache herufi moja peke yake mwishoni, m ya mtoto huku na mtoto mwenyewe kule."

Mhandisi akatikisa kichwa taratibu, akionekana kufurahi kweli. "Ni kitu chepesi. Nipe wiki moja."

Ile ilikuwa kasoro ya saba. Wiki aliyoiomba Mhandisi ilipita, ikapita ya pili na ya tatu, na mara wateja wa kwanza wakaanza kupanda ngazi kuja kuona programu. Shemeji akagundua jambo. Ukiwaonyesha mistari iliyonyooka, wateja walitikisa vichwa kwa adabu. Ukiwaonyesha ukurasa uliozungushiwa fremu ya maua, walipiga makofi. Basi Mhandisi akatumwa kutengeneza fremu. Za maua, za nyota, za kamba iliyosokotwa. Zilipofika kumi na tisa Mama Risasi alishindwa kuvumilia.

"Shemeji, watu wamesoma vitabu miaka yote hii bila kamba kuzunguka ukurasa. Kwani maneno yatatoroka?"

"Maua ndiyo yanayouza, shemeji."

"Na ng'ombe wangu?"

"Toleo lijalo."

Maneno hayo mawili aliyasikia mara nyingi kiasi kwamba mjukuu wake alipoambiwa aoge akajibu "toleo lijalo", bibi yake hakujua acheke au achukue fimbo.

Toleo la pili lilichukua mwaka na zaidi, na lazima isemwe ukweli, lilikuwa kazi kubwa. Sasa maneno yalitiririka kutoka ukurasa hadi ukurasa. Ungeweza kumimina kitabu kizima ndani na Safu ikakigawa yenyewe, ukiongeza sentensi mwanzoni kurasa zote zikasogea. Kiwandani, kuongeza sentensi moja kulikuwa kubomoa na kujenga upya siku nzima. Mama Risasi alikaa akiongeza sentensi na kuifuta, akiiongeza na kuifuta, mpaka Mhandisi akamuuliza kama kuna kasoro.

"Hapana," alisema. "Naangalia tu."

Lakini hakuwa mtu wa kuangalia tu kwa muda mrefu. Aliwaambia kuna aibu moja ambayo mpangaji herufi yeyote angeona haya kuifanya, yaani kuacha mstari wa mwisho wa aya uvuke peke yake mpaka juu ya ukurasa unaofuata. Mstari yatima, ndivyo walivyouita kiwandani. Lazima usindikizwe na mwenzake. Alilisema hilo asubuhi, jioni akalisema tena, na kesho yake akalichora kwenye karatasi. Safari hii Mhandisi alisikia. Ndani ya siku chache Safu ilianza kuuona mstari yatima na kuupelekea mwenzake. Mama Risasi alifurahi akampikia Mhandisi chakula cha mchana, akakileta kwenye bakuli lenye kifuniko.

Furaha hiyo haikudumu. Siku moja alikuwa akiijaribu programu kwa kumimina kijitabu cha zamani cha kilimo cha mboga, akachapa, akasoma. Katika ukurasa wa tisa palikuwa na mstari pungufu. Alilinganisha na kijitabu: mstari mmoja mzima, wenye habari za nafasi kati ya mche na mche, haukuwepo. Haukuwa chini ya ukurasa, haukuwa juu ya ukurasa uliofuata. Ulikuwa umemezwa.

Akaandika: Kasoro ya thelathini na moja. Safu imekula mstari.

"Hebu nionyeshe," akasema Mhandisi.

Mama Risasi akaanza upya mbele yake, akamimina kijitabu kilekile. Ila kwa kuwa alikuwa hawezi kuona kosa la tahajia akaliacha, alikuwa ameshasahihisha neno moja ukurasa wa nyuma, na aya zikasogea. Mistari yote ikatokea, imejipanga kama wanafunzi siku ya ukaguzi.

Mhandisi akaenda mezani kwake kujaribu kwa maandishi yake mwenyewe, ambayo yalikuwa sentensi moja aliyoirudia mara mamia. Akarudi. "Kwangu haitokei, Mama."

"Ilitokea. Karatasi hii hapa."

Shemeji akaichukua ile karatasi, akaigeuza huku na huku. "Labda uliufuta bila kujua. Hicho kipanya ni chepesi, na wewe mkono wako umezoea vitu vizito."

"Shemeji, nimeshika herufi ndogo kuliko punje ya mtama miaka kumi na tisa. Usiniambie habari za mkono wangu."

"Sijasema kwa ubaya."

"Umesema kwa ubaya mtamu."

Maonyesho ya biashara yalikuwa yamebaki wiki mbili. Makasha ya programu yalikuwa yameshachapwa, yana picha ya mwanamke anayetabasamu mbele ya kompyuta, na mikono yake ilikuwa misafi ajabu. Mama Risasi aliomba wasubiri. Alieleza kwa upole, kisha bila upole. Shemeji alisema programu ina kasoro hamsini na kila programu duniani ina kasoro hamsini. Mhandisi alisema, baada ya kufikiri sana, kwamba hawezi kurekebisha kitu asichokiona. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwa sababu lilikuwa kweli. Toleo la pili likatoka.

Mteja wake mkubwa wa kwanza alikuwa chuo cha wakunga. Karani wa chuo alipanga mwenyewe, kwa Safu, mwongozo wa wakunga wa zahanati, akaupeleka ukachapwe nakala elfu tatu. Kwa shukrani wakaletewa nakala moja pale juu ya duka la vioo. Shemeji akaiinua juu kama kombe. Akaipitisha mkono kwa mkono, akaiweka kwenye rafu iliyokuwa ikisubiri kitu cha kujivunia.

Mama Risasi akaishusha rafuni. Hakuwa akitafuta kitu. Alikuwa na mazoea tu ya kuhesabu mistari, kama mtu mwingine anavyohesabu ngazi akipanda. Kila ukurasa ulikuwa na mistari thelathini na minne. Ukurasa wa arobaini na saba ulikuwa na thelathini na mitatu. Chini yake palikuwa na weupe mwembamba, kama kope iliyofumbuliwa kidogo.

Akausoma. "Usiwe na haraka katika hatua hii. Mtoto akishatoka, mkunga," ndivyo ulivyoishia. Akafungua ukurasa uliofuata: "amchome mama sindano ya kuzuia damu."

Ilisomeka vizuri. Hakuna ambaye angesita. Na ndicho kilichomtia baridi, kwamba ilisomeka vizuri. Akakiomba chuo, kwa simu, rasimu ya karani, akaifuata mwenyewe kwa miguu kwa sababu kungoja kungemuua. Katikati, kwenye rasimu, palikuwa na mstari huu: "apapase tumbo ahakikishe hakuna pacha aliyebaki ndani, ndipo". Sindano ile hukaza tumbo la uzazi, na pacha aliyebaki angebanwa humo.

Mama Risasi mwenyewe alikuwa amezaa mapacha. Wa pili alikuja watu wakiwa bado wanamhangaikia wa kwanza aliyechelewa kulia, lakini mkunga alikuwa na mkono wake tumboni pale muda wote.

Alirudi ofisini akaweka kitabu na rasimu mbele ya wanaume wawili, akaweka kidole chake cheusi penye pengo. Mhandisi alisoma, akabadilika rangi. Shemeji alisoma mara mbili, kisha akasema, "Tuwaandikie barua. Tuwaeleze kwa utaratibu."

"Barua?"

"Shemeji, tukikurupuka tutaharibu jina la programu."

"Jina!" Alipiga meza, na kule chini mkata vioo akanyamaza. "Kuna mama mahali fulani anajifungua leo, na mkunga wake amefungua kitabu hiki. Wewe unafikiria jina?"

Hakungoja jibu. Alikwenda chuoni kwa mara ya pili siku ile, akaomba kumwona Mkunga Mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini aliyekuwa akisaini vyeti. Mama Risasi alimweleza lote, na hakujitetea. Alisema kasoro aliijua, akaiandika, akashindwa kuwashawishi wenzake.

Mkunga Mkuu akaweka kalamu chini. "Masanduku mangapi yametoka?" aliuliza, akimgeukia karani.

"Mawili, mkuu. Juzi."

Simu ikaanza kufanya kazi. Sanduku moja lilikuwa bado limekaa stendi, halijapakiwa. La pili lilikuwa limefika kwenye zahanati ya mbali isiyo na simu, ikabidi wapigie kituo cha jirani na mtu atumwe kwa baiskeli. Saa nne nzima walikaa wakingoja, karani akilia pole pole na kujilaumu, Mama Risasi akimwambia, "Siyo wewe, mwanangu, siyo wewe," mpaka jibu likaja kwamba sanduku limepatikana. Lilikuwa limefunguliwa. Vitabu viwili vilikuwa vimeshagawiwa, na wakunga waliopewa walikuwa wameelezwa kwa mdomo.

Mkunga Mkuu akashusha pumzi. Kisha akamgeukia mgeni wake. "Nikushukuru au nikufukuze? Sijaamua."

"Hata mimi sijaamua, mkuu."

Siku sita walikaa kwenye ukumbi wa chuo, Mama Risasi, karani na wanafunzi wa ukunga, wakibandika kijikaratasi chenye mstari mmoja kwenye ukurasa wa arobaini na saba wa kila nakala. Mhandisi alikuja siku ya pili, akakaa kwenye benchi na sahani ya gundi, akabandika hadi mwisho. Shemeji alituma salamu.

Baada ya hapo ndipo msako wa kweli ulipoanza. Mhandisi alirudia kusoma mistari yake ya programu usiku na mchana, lakini Mama Risasi hakujua kusoma lugha ile. Alijua kusoma kurasa. Akaamua kuitega Safu kwa njia anayoijua mwenyewe. Alimimina kitabu cha wakunga, akakichapa, akahesabu. Akaongeza neno moja mwanzoni, akachapa, akahesabu. Akaongeza la pili. Kuta za chumba zilijaa karatasi. Siku nyingine Safu ilikaa kwa heshima siku nzima bila kumeza kitu, na yeye akarudi nyumbani na hasira hata salamu hataki. Aliota mistari. Mumewe, fundi wa viatu asiyejua kompyuta ni nini, alimuuliza, "Hicho kidudu kinakula wakati gani? Kila mdudu ana saa yake."

"Ningejua hivyo si ningekaa nimetulia?"

Lakini alianza kuuliza hivyo: kinakula wakati gani. Wiki ya tano aliweka karatasi zote zilizomezwa mstari chini sakafuni, kumi na moja, akazizunguka. Na ghafla akaona. Kwa zote, mstari ulimezwa ndani ya aya fupi. Fupi kiasi gani? Akazihesabu kwenye rasimu. Mitatu. Kila moja ilikuwa aya ya mistari mitatu iliyopasuliwa na mwisho wa ukurasa, miwili chini ya ukurasa na mmoja juu ya unaofuata.

Akamwita Mhandisi. "Kaa chini. Huyu wa juu ni yatima, si ndiyo? Safu inampelekea mwenzake. Inamchukua wa pili. Sasa huku chini amebaki nani?"

"Wa kwanza," akasema Mhandisi. "Peke yake."

"Peke yake. Naye amekuwa yatima. Safu inafanyaje?"

Mhandisi akafumba macho, na safari hii alijibu kabla hata swali halijapoa. "Inaghairi. Nimeiambia ikiona hivyo ighairi." Akafumbua macho. "Sijaiambia imrudishe yule wa pili."

Alikwenda kwenye kompyuta yake, akatafuta, akaongeza mstari mmoja. Ilimchukua muda wa kunywa chai. Maandishi yake ya majaribio, ile sentensi iliyorudiwa mamia ya mara, yalikuwa aya moja ndefu tangu mwanzo hadi mwisho. Yasingeweza kuonyesha jambo hilo hata yangechapwa miaka mia.

Ungetegemea Mama Risasi apige vigelegele. Alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, akahisi amechoka mpaka kwenye mifupa. Yeye ndiye aliyedai mstari yatima asindikizwe. Yeye ndiye aliyesema na kuchora na kusisitiza. Kazi nzima ya miezi, watu wote wale, gundi yote ile, ilitokana na kitu kimoja alichokitaka na wakampa nusu.

Alitoa sharti. Tangu siku hiyo hakuna toleo litakalotoka mpaka yeye aseme litoke. Shemeji akakubali shingo upande, kwa kuwa Mhandisi alisema bila sharti hilo yeye anaondoka.

Toleo la tatu ndilo lililokata maneno ipasavyo. Kasoro ya saba, miaka mitatu baadaye, ikafutwa kwenye daftari. Irabu zikaheshimiwa, daktari akakatwa mahali pake, ng'ombe akabaki mzima. Lakini kila kilichorekebishwa kiliamsha kingine. Nafasi kati ya mistari ikaanza kuteleza. Namba za kurasa zikaruka kutoka kumi na tisa hadi ishirini na moja. Maonyesho yakakaribia tena, Shemeji akauliza, "Litoke?" na Mama Risasi akasema, "Bado." Akauliza baada ya siku tatu. "Bado." Maonyesho yakaja, yakaisha, meza yao ikiwa na toleo lile lile la zamani lililorekebishwa, na watu wakipita kwenda kwenye meza ya jirani.

Kwenye meza hiyo kulikuwa na programu ya kutoka ng'ambo. Ilikuwa na picha za rangi, herufi zenye kivuli, na kitabu cha maelezo kizito kama tofali. Ilikata maneno hovyo. Ofisi zote zikaanza kuinunua.

Mdogo wake alikuja nyumbani, hakukaa. "Dada, mume wangu hali chakula. Anasema ungetoa ruhusa kabla ya maonyesho, tungekuwa tumesimama."

"Lingekuwa limebomoka mikononi mwa watu."

"Lile la ng'ambo halina makosa?"

"Limejaa."

"Na wananunua!"

Mama Risasi alimwangalia mdogo wake akitoka kwa hasira, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama usahihi wake haukuwa namna nyingine ya ukaidi. Alijiuliza hivyo siku nyingi. Hakupata jibu lililomridhisha, na mpaka leo hana.

Toleo la tatu lilitoka miezi minne baada ya maonyesho. Lilikuwa zuri. Hakuna mwandishi wa habari aliyeliandikia, ila chuo cha wakunga kilinunua, na shule mbili, na mchapaji mmoja mzee aliyepanda ngazi, akakaa mbele ya skrini, akalisoma neno baada ya neno mwishoni mwa mistari, kisha akampa Mama Risasi mkono. Mwaka uliofuata walirudisha funguo za vyumba. Shemeji akarudi kufundisha hesabu. Mhandisi akaajiriwa na kampuni ya simu, na siku ya kufunga virago alimwambia, "Mama, laiti ningekusikiliza mapema."

"Ungenisikiliza mapema ningekuudhi mapema," alimjibu, kisha akaona jibu lenyewe ni kali mno kwa mtu aliyeshika gundi pamoja naye, akamshika bega.

Yeye alipata kazi kwenye ofisi kubwa ya uchapaji inayotumia ile programu ya ng'ambo. Siku ya kwanza alikuta "mwanaf-unzi" kwenye ukurasa wa pili. Akamwita wakala aliyekuja kuiweka, kijana nadhifu mwenye tai.

"Mwanangu, kasoro ya programu hii naripoti kwa nani?"

Wakala akafikiri. "Kuripoti? Hakuna mahali, mama. Huwa tunasubiri toleo jipya."

"Na hilo toleo jipya linatengenezwa na nani anayejua kwamba mwanafunzi amekatwa vibaya?"

Kijana akacheka kwa adabu, akaangalia saa.

Mama Risasi akavuta kiti karibu na skrini. Kitabu kilikuwa na kurasa mia mbili na kumi. Akaanza ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, akiyakata maneno kwa mkono, moja baada ya jingine, huku akinung'unika kwa sauti inayosikika hadi meza ya tatu. Wenzake wapya walitazamana. Jumapili iliyofuata mdogo wake alimtumia bakuli la maharage kwa mkono wa mtoto, bila ujumbe wowote, na yeye akaliosha bakuli, akalijaza maandazi, akalirudisha vivyo hivyo, bila ujumbe.